Kumpeleka kijana Kasulu ili aache unga: imani inasaidia wapi?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Mama mmoja wa Unguja ametuletea swali ambalo, kwa sura moja au nyingine, tumeshalipokea zaidi ya mara moja. Mwanawe ana miaka 27 na anakula unga tangu alipomaliza skuli. Feni imeuzwa, simu ya mama imeuzwa, bangili za harusi za dada yake nazo zimekwenda. Sasa mjomba wake, ambaye ana duka mjini Kasulu kwa miaka mingi, amepiga simu na kusema: mleteni huku. Huku kuna baridi, hakuna unga, msikiti hauko mbali na duka, nitamsimamia swala tano mpaka asahau. Jirani naye akamwambia mama huyo kuwa anamjua kijana aliyepelekwa Kibondo hivyo hivyo akarudi salama. Mama anauliza mambo mawili: je, jambo hili lina asili katika dini? Na je, akishika swala tu, bila hospitali, inatosha?

Tuanze na mjomba, kwa sababu kuna watu watakaomcheka, na hastahili kuchekwa. Fikra yake ina msingi. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) alisimulia habari ya mtu wa umma uliotangulia aliyeua watu 99, akamkamilisha wa mia, kisha akatafuta mlango wa toba. Mwanachuoni aliyemwendea hakumfungia mlango. Alimwambia auhame mji wake kwa kuwa ni mji wa shari, na aende mji fulani wenye watu wanaomwabudu Allah, akaabudu pamoja nao. Mtu yule akafia njiani, na rehema ikamfikia kwa kuwa alikuwa karibu zaidi na mji alioukusudia.

Wengi tunaposimulia kisa hiki tunashika nusu ya kwanza: ondoka. Nusu ya pili ndiyo yenye kazi zaidi. Hakutumwa nyikani wala mahali popote palipo mbali. Alitumwa kwa watu. Swali la kumuuliza mjomba basi si kama Kasulu kuna unga. Ni hili: Kasulu kijana wetu atakuwa na nani, kuanzia asubuhi mjomba anapofungua duka hadi usiku anapolifunga?

Kwa wasiopajua, Kasulu ni mwendo wa kilomita 90 hivi kutoka Kigoma mjini, ukiacha ziwa nyuma yako na kupanda milimani. Kibondo iko mbele zaidi upande wa kaskazini, kuelekea Kakonko. Ni nchi ya Waha, ya mihogo, maharage na migomba, yenye hewa baridi ambayo mtu wa pwani huihisi usiku wa kwanza tu. Wenyeji wake wamezoea kupokea wageni: kambi ya Nyarugusu wilayani Kasulu ilianza kuwahifadhi wakimbizi wa Kongo mwaka 1996, na Nduta wilayani Kibondo ilifunguliwa tena mwaka 2015 Warundi walipokimbia machafuko ya kwao. Waislamu wapo, na wafanyabiashara kutoka visiwani wanajulikana. Lakini hii si Ujiji, penye Uislamu wa tangu enzi za misafara. Huku milimani walio wengi ni Wakristo, na msikiti mara nyingi una safu chache. Hilo si aibu kwa Waislamu wa huko, na mara nyingine jamaa ndogo ndiyo yenye mapenzi zaidi. Tunalitaja kwa sababu kijana wa mjini Unguja, aliyezoea adhana tatu zinazoingiliana kwa wakati mmoja, atajikuta ndani ya ukimya.

Na si kweli kwamba huko hakuna kilevi. Heroini imetia mizizi zaidi pwani na miji mikubwa, hilo ni sahihi. Lakini pombe ya ndizi inapikwa vijijini, gongo inapatikana ingawa ni haramu hata kwa sheria ya nchi, na bangi haihitaji bandari. Mwenye uraibu anayekosa kile alichozoea huangalia kilichopo. Wako walioacha unga wakarudi nyumbani wakiwa walevi wa pombe kali, na familia ikashukuru kwa miezi michache kabla ya kuelewa nini kimetokea.

Kabla hata ya kufika huko kuna safari yenyewe. Mwili wa mtu aliyezoea heroini huanza kudai ndani ya saa 6 hadi 12 baada ya dozi ya mwisho. Hiyo ndiyo arosto, kama vijana wenyewe wanavyoiita: kamasi, jasho, kutapika, kuharisha, maumivu ya mifupa, kukosa usingizi. Kilele chake huwa siku ya pili na ya tatu, kisha hulegea ndani ya wiki moja hivi, ingawa usingizi na moyo huchukua muda mrefu kutulia. Sasa pigeni hesabu ya boti ya asubuhi hadi Dar es Salaam, kisha treni ya reli ya kati au basi la masafa marefu hadi Kigoma, kisha gari la kupanda Kasulu. Arosto haingoji treni ifike. Itamkuta njiani, penye choo kimoja cha behewa zima, akiwa na mjomba asiyejua aitazame vipi. Kijana akishuka kituo asichokijua kutafuta nafuu, atawapotea. Na akiharisha na kutapika siku mbili bila maji ya kutosha, hata uhai unaweza kuwa hatarini.

Kwa hiyo jibu la swali la pili la mama, kama swala bila hospitali inatosha, tunalitanguliza: hospitali kwanza. Wala huko si kuidharau swala. Mtume (s.a.w.) aliamrisha watu wajitibu na akafundisha kuwa kila maradhi yana dawa yake. Mwenye kuvunjika mguu hatumwambii aswali usiku mfupa uunge, tunampeleka akafungwe plasta, kisha tunamuombea dua. Uraibu wa heroini ni jambo la nafsi na dhambi, ndiyo, lakini pia ni mwili uliobadilishwa na dawa.

Hapa ndipo linapoingia suala la methadoni, na hapa ndipo familia nyingi zinapokwama. Methadoni ni dawa ya maji inayonywewa mara moja kwa siku mbele ya muuguzi. Inakaa mwilini muda mrefu, inaondoa arosto bila kumlewesha mtu aliyepimiwa dozi yake sawasawa, na inampa nafasi ya kulala, kula na kufanya kazi. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili mwaka 2011. Zanzibar ilifuata mwaka 2015, katika hospitali ya Kidongo Chekundu. Baadaye bara zikafunguliwa kliniki nyingine, zikiwemo za Mwanza, Mbeya na Dodoma. Watu huuliza: si ni kubadilisha haramu kwa haramu? Wanavyuoni wengi wa zama hizi wanaijuzisha kwa sharti iwe ni tiba, chini ya daktari, kwa kiasi cha haja, kwa kanuni inayojulikana kuwa dharura hupimwa kwa kadiri yake na kwamba madhara makubwa huondolewa kwa yaliyo madogo. Nchini Malaysia walikwenda mbali zaidi: mwaka 2010, msikiti wa Ar-Rahman wa Kuala Lumpur, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Malaya, ulianza kutoa methadoni msikitini hapo hapo, sambamba na darsa na swala. Mgonjwa anakunywa dawa, kisha anaingia safu. Sisi hatujaona sababu ya kuwa mbali na mfano huo.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali lake. Methadoni hunywewa, basi inafunguza. Kwa kuwa ni mara moja kwa siku, mwenye kuitumia azungumze na kliniki yake mapema, kabla ya mwezi kuandama, kuona kama inawezekana kunywa baada ya magharibi. Ikishindikana, yeye ni mgonjwa na ana ruhusa ya wagonjwa: atakula, na atalipa siku hizo akipata uwezo. Asiache dawa ghafla kwa ajili ya saumu. Tumesikia vijana walioacha tarehe mosi Ramadhani kwa nia njema kabisa, na wakawa wamerudia unga kabla mwezi haujafika katikati.

Tukiulizwa sasa imani inafanya nini, ikiwa dawa ndiyo inayoondoa arosto, tunasema: inafanya kazi ambayo dawa haiwezi. Mwili ukitulia, kijana anabaki na siku nzima mbele yake. Uraibu ulikuwa ni ajira. Aliamka akitafuta pesa, akatafuta muuzaji, akatafuta pa kujificha, akalala, akaamka tena. Ukimwondolea hayo bila kumpa kitu badala yake, siku ina mashimo matupu, na mashimo hayo ndiyo yanayomrudisha. Malik Badri, mwanasaikolojia wa Sudan, katika kitabu chake cha mwaka 1976 kuhusu Uislamu na ulevi, aliuliza kwa nini Marekani iliyopiga marufuku pombe kuanzia 1920, ikiwa na polisi na magereza, ilisalimu amri mwaka 1933, ilhali Madina watu walimwaga pombe zao wenyewe barabarani. Sehemu ya jibu ni kwamba katazo la Madina halikuja kwa siku moja. Kwanza ilitajwa kuwa madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake, katika Suratul Baqara. Kisha, katika Suratun Nisaa, walikatazwa kuikaribia swala wakiwa wamelewa. Mwisho ndipo likaja katazo kamili katika Suratul Maida. Ile hatua ya kati tuitazame vizuri. Swala ni tano, na kuanzia adhuhuri hadi isha zinafuatana kwa karibu. Mtu anayetaka kuwa mzima katika kila moja hana tena saa za kulewa mchana. Siku ilishabadilishwa umbo kabla ya mlango kufungwa.

Hilo ndilo mjomba wa Kasulu anaweza kulitoa kweli: siku yenye umbo. Alfajiri, chai, kufagia mbele ya duka, adhuhuri, kupanga mzigo, alasiri, darsa, magharibi. Tunaiunga mkono sehemu hiyo ya shauri lake bila kusita.

Lakini kuna kikwazo ambacho vijana wengi wanacho moyoni na hawasemi. Wameambiwa kwamba mlevi swala yake haikubaliwi siku 40. Hadithi hiyo ipo. Kijana anapiga hesabu: nimetumia jana, basi hadi mwezi ujao naswali bure, na kabla haujafika nitakuwa nimetumia tena. Anaacha swala kabisa. Wanavyuoni wamefafanua kwamba kinachokusudiwa ni kukosa thawabu kwa adhabu ya kosa hilo, wala wajibu wa swala haujaondoka. Akiacha, amekusanya dhambi mbili. Na mlango wa toba hauna foleni ya siku 40: mwenye kutubia kikweli leo, ametubia leo. Akiwa amelewa asiikaribie swala. Akipata fahamu, aoge, atawadhe, aswali, na alipe iliyompita. Tungependa maimamu walitangaze hili mimbarini kwa sauti ile ile wanayotangazia hadithi yenyewe.

Kuna kingine cha kutangazwa. Zama za Mtume (s.a.w.) alikuwepo mtu kwa jina Abdullah, mcheshi, aliyekuwa akimchekesha Mtume. Alikuwa mlevi, na alishaadhibiwa kwa hilo. Siku moja akaletwa tena, na mmoja wa waliohudhuria akamlaani kwa wingi wa kuletwa kwake. Mtume akamkataza asimlaani, akashuhudia kuwa mtu yule anampenda Allah na Mtume wake. Imo katika Bukhari. Adhabu haikufutwa, wala haikusemwa kuwa pombe si kitu. Lakini aliyeanguka kwa mara isiyojulikana ya ngapi alibaki kuwa wa jamaa. Sisi tunafanya vipi? Teja akiingia msikitini kila mtu anaangalia viatu vyake. Tunaelewa, viatu huibiwa kweli. Lakini wako waliokwenda kutafuta safu wakakuta macho, wakageuka hapo mlangoni. Na wako waliokufa, jirani wakasitasita hata kumuosha maiti. Muislamu mwenye dhambi huoshwa, huswaliwa na huzikwa kama Waislamu wengine.

Visiwani kwetu tuna uzoefu wa kuonesha. Tangu mwaka 2009 Unguja ilipopata nyumba yake ya kwanza ya upataji nafuu, zile wanazoziita soba hausi, kazi hii imefanywa zaidi na watu waliopitia wenyewe. Wanaishi pamoja kwa miezi, wanaamka pamoja, wanapika, wanaswali, na wanakaa duara kusema ukweli wa waliyoyafanya. Njia wanayoifuata ni ile ya hatua 12 iliyotoka kwa walevi wa Marekani, waliounda chama chao mwaka 1935 katika mji wa Akron. Wengine huogopa kwamba asili yake ni ya Kikristo. Waislamu wa Baltimore walilikabili hilo mwaka 1989 kwa kuanzisha Millati Islami, wakaziweka hatua hizo katika lugha ya Kiislamu. Na ukizisoma, unakuta mengi tunayoyajua kwa jina la toba: kukiri, kujuta, kuacha, kuazimia kutorudi, na lile sharti la nne tunalolisahau haraka, kurudisha haki za watu.

Sharti hilo ndilo linalofanya kazi polepole na kwa kina. Bangili za dada hazirudi kwa machozi ya usiku mmoja. Lakini kijana anayepeleka shilingi elfu tano kila mwisho wa wiki kwa dada yake, hata ikiwa atamaliza baada ya miaka mitatu, ana sababu ya kuamka Jumatatu, na dada ana sababu ya kumfungulia mlango. Akisamehewa, ni fadhila. Tunawashauri dada wasifanye haraka kukataa hizo elfu tano.

Tunarudi Kasulu, kwa jambo linalotutia hofu kuliko yote. Hofu yetu kubwa si kwenda kwake. Ni kurudi.

Mwili uliokaa miezi mitatu bila heroini husahau kuihimili. Kiasi kile kile alichokuwa akitumia kila siku kabla ya kuondoka, sasa kinaweza kumzuia pumzi na kumuua siku hiyo hiyo. Hili halihitaji nia ya kurudia uraibu. Inatosha jioni moja. Kijana amekaa Kasulu au Kibondo, amenenepa, anasoma Qur'ani vizuri, mama amefurahi, na Idi inakaribia. Anarudi na nauli ya boti, anapewa mkono wa Idi, anapita maskani yake ya zamani kuwaonesha wenzake kuwa amepona. Wenzake wanampa moja ya kumkaribisha. Anayejua hatari hii awaambie watoto wake waziwazi, hata kama kulisema kunaonekana kama kutowaamini. Na akikutwa hapumui vizuri, midomo imebadilika rangi, hazinduki: alazwe ubavu na akimbizwe hospitali. Asimwagiwe maji na kuachwa alale, na asifichwe kwa kuogopa polisi.

Mama tumemjibu hivi. Anza na kliniki ya Kidongo Chekundu, mwende pamoja, na usikubali safari yoyote kabla arosto haijapita chini ya uangalizi. Akiwekwa kwenye methadoni, asipelekwe mahali pasipo na kliniki ya kuendeleza dozi yake. Dawa hii hainunuliwi dukani kwa mjomba, na kuikata ghafla ni kumrudisha mwanzo. Kabla ya kuamua Kasulu, kliniki ndiyo iseme kama na lini anaweza kuwa mbali nayo, na ikisema hapana, basi mjomba aje Unguja miezi miwili badala ya kijana kwenda kwake. Tunajua duka halifungwi kirahisi, lakini ombi lifikishwe kwake. Ikiwa kijana hayuko kwenye methadoni na ameshatulia, Kasulu si shauri baya, kwa sharti mjomba amtafutie mapema watu wawili au watatu wa msikiti wake watakaomjua kwa jina na kujua habari yake kwa idhini yake, ili asiwe na mlinzi mmoja tu. Asiwekwe kwenye droo ya pesa. Asifungwe mnyororo wala kufungiwa chumbani kwa jina la kisomo. Kisomo cha ruqya ni chema, na kinasomwa mtu akiwa huru.

Na tarehe ya kurudi ipangwe tangu sasa, isiwe Idi. Arudi siku ya kawaida, apokelewe bandarini na mtu aliyeacha unga kabla yake, na jioni hiyo hiyo apelekwe msikiti ambao imamu ameshaambiwa anakuja. Imamu huyo tumemuomba mama amtafute wiki hii, kabla hata ya kununua tiketi ya boti.

Wallahu a'lam.